Geuza Ukosi Kwanza: Namna ya Kusoma Lebo ya Mtumba na Kuifuata Hadi Geneva

Usianze na rangi wala chapa. Geuza ukosi, kisha ingiza mkono ndani utafute lebo ya pili, ile ndogo iliyoshonewa ubavuni. Vijana wengi wanaouza nguo za zamani mtandaoni huziruka zote mbili. Wanaona mabega mapana, wanaandika "ya miaka ya sitini", na mteja wa Nairobi analipa bei ya miaka ya sitini kwa sweta ya 1985.

Mimi nauza mitumba hapa Malindi, hasa sweta na mashati ya zamani. Najua, Malindi na sweta wapi na wapi! Lakini kusi likivuma mwezi wa saba, jioni watu hujifunika. Waitaliano wanaokuja Januari wameikimbia baridi na wataikuta palepale wakirudi. Na wateja wangu wakubwa wako Limuru na Nairobi, kibanda changu hawajawahi kukiona. Kabla ya biashara hii nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha Mombasa, nikijaza karatasi za nguo ziendazo Marekani. Ndiyo maana nikishika nguo nataka kujua bei yake, na papo hapo nataka kujua ilipita mlango gani kuingia kule ilikovaliwa mara ya kwanza.

Mlango wenyewe ulikuwa na bawabu. Kwa karibu nusu karne, hadi tarehe 31 Desemba 2004, nguo nyingi zilizotoka nchi maskini kwenda nchi tajiri zilihesabiwa kwa dazeni. Nchi inayouza ilikubali "kwa hiari" kutovuka idadi fulani, ndiyo iliyoitwa mgawo. Japani ilifunga makubaliano ya namna hiyo na Marekani mwaka 1957, baada ya viwanda vya Marekani kulia kuhusu blauzi za dola moja. Hong Kong ikafuata na Uingereza mwaka 1959, kwa ajili ya viwanda vya pamba vya Lancashire. Mwaka 1961 mpango ukawa wa nchi nyingi, wa pamba peke yake, na mwaka uliofuata ukarefushwa. Tarehe 1 Januari 1974 ukaanza Mkataba wa Nyuzi Mbalimbali, ambao hata ofisini kwetu tuliuita MFA, ukaongeza sufu na nyuzi za viwandani.

Kwa nini mtu akubali kujifunga? Kwa sababu asipokubali, mnunuzi atafunga mlango mwenyewe, tena kwa kipimo chake. Na kulikuwa na kitu kitamu ndani yake: vibali vilitolewa na serikali ya nchi inayouza, kwa hiyo bei ikipanda kule kwa uhaba, faida ya ziada ilibaki kwa mwenye kibali. Hong Kong vibali hivyo vilinunuliwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Kuna waliopata pesa kwa mgawo bila kushona hata kifungo.

Sasa tushike nguo.

Umri, haraka haraka

Nguo iliyouzwa Marekani yenye maelekezo ya kufua kwa kawaida ni ya 1972 au baadaye, maana ndipo yalipolazimishwa. Ikiwa maelekezo ni michoro mitupu, beseni na pasi bila maneno, ni ya 1997 kuja juu. Neno "British" mbele ya Hong Kong linakuweka kabla ya Julai 1997, lakini "Hong Kong" peke yake halithibitishi kitu, liliandikwa kabla na baada.

Halafu kuna namba inayoanza na herufi RN. Hiyo ni ya mwenye biashara wa Marekani aliyeitengeneza, kuileta au kuiuza nguo. Kiwanda cha ng'ambo kilichoshona hakimo. Mfululizo unaotumika mpaka leo ulianzia 13670 mwaka 1959. Wauza nguo za zamani hutoa 13670, wakagawa kwa 2635, wakajumlisha 1959, na kupata mwaka wa makadirio. Jaribu na 60000: unapata kama 1976. Huo ni mwaka ambao kampuni ilijiandikisha, kwa hiyo nguo haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo, ila inaweza kuwa mpya zaidi kwa miaka mingi. Hapa ndipo wanapokosea sana.

Jumlisha nyuzi

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo chukua kalamu.

Nina sweta moja imetundikwa mbele yangu sasa hivi. Rangi ya waridi iliyopauka, mabega ya pedi, maua ya shanga kifuani, mawili yameng'oka. Ukiishika ni nzito kuliko pamba na ina ubaridi fulani, kama kitani. Lebo inasema: asilimia 55 ramie, asilimia 45 cotton. Imetengenezwa Hong Kong. Bibi yeyote wa Ulaya au Marekani wa miaka ile alikuwa nayo kabatini, ndiyo maana katika beli hazikosekani.

Rami ni nyuzi za mmea wa jamii ya nettle, yale majani yanayowasha, unalimwa sana Uchina. Ni ngumu, inakunjamana, na fundi hapendi kuishughulikia. Basi kwa nini ghafla dunia nzima ikavaa rami miaka ya themanini? Soma kifungu cha 12 cha MFA. Mkataba uligusa pamba, sufu na nyuzi za viwandani. Nguo ilihesabiwa ikiwa nyuzi hizo tatu, moja au zote kwa pamoja, zilifikia asilimia 50 ya uzito, au ndizo zilizobeba thamani kubwa ya nyuzi zilizomo, au ikiwa sufu peke yake ilifika asilimia 17. Sasa rudi kwenye sweta yangu. Pamba 45. Haifiki. Imepita chini ya kamba.

Kwa hiyo hatua ni hii: jumlisha pamba, sufu, poliesta, akriliki, nailoni, reyoni. Rami, kitani na hariri ziache nje. Ikifika 50, nguo ilikuwa ndani ya mkataba. Isipofika, angalia sufu kama imefika 17. Hata hiyo isipofika, na thamani kubwa haikuwa kwenye nyuzi hizo tatu, basi una mkononi nguo iliyochanganywa kwa ushauri wa mwanasheria kabla ya fundi. Hariri 60 kwa nailoni 40, ni ileile. Ukiona 55 kwa 45, usiulize kwa nini 55. Mchanganyaji alitaka kuwa mbali kidogo na mstari, mvua isije ikamkuta forodhani na mizani yenye ubishi.

Mchezo ulifungwa Agosti 1986, MFA ilipoongezwa muda kwa mara ya tatu. Nyuzi nyingine za mimea na michanganyiko ya hariri zikaingizwa, na Marekani ikazipa namba zake za kuanzia mia nane. Sweta ya rami ikawa namba 845. Kwa hiyo sweta ya 55 kwa 45 ninapoiuza nasema "ya miaka ya themanini", na iliyo safi naiuza shilingi 1,500, wakati sweta ya akriliki ya kawaida ikipata 500 nashukuru. Ziliendelea kutengenezwa baada ya 1986, sikatai, lakini asili ya mtindo ni ule mlango uliokuwa wazi.

Mambo mawili yatakayomgusa mtu wa pwani. Kifungu hichohicho cha 12 kiliacha nje vitambaa vya mtande wa mkono, vitu vilivyoshonwa kwa mkono kutokana na vitambaa hivyo, na kazi za jadi, mradi ziwe na cheti kilichokubaliwa kati ya nchi mbili. Kofia ya vito ya Lamu, ile ya kutobolewa na kushonwa tundu kwa tundu kwa miezi, haikuwa na haja ya kuomba nafasi katika dazeni za mtu. Na mwaka 1986, pamoja na kuingiza rami, walikubaliana kwamba magunia, kamba, mikeka na mazulia ya juti, makumbi na katani yaliyokuwa yakiuzwa kwa wingi kabla ya 1982 yasiguswe. Katani ya Vipingo ikapumua.

Nchi iliyoandikwa, na kwa nini si nyingine

Kanuni yangu: nchi ikikushangaza, nguo ilikuwa mkimbizi.

Mgawo ulifungwa kwa nchi moja moja, bidhaa moja moja. Hong Kong ikijaza dazeni zake za suruali, mwenye kiwanda hakuacha kushona, alihama. Alitafuta nchi ambayo bado haijahesabiwa. Ndivyo Mauritius, iliyopitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, ilivyopata wafumaji wa sweta kutoka Hong Kong. Ndivyo Bangladesh ilivyoanza: kampuni ya Desh ilishirikiana na Daewoo ya Korea Kusini, ikapeleka wafanyakazi 130 Pusan kujifunza, wakarudi na ufundi, na kufikia 1985 Marekani ilikuwa imeshaanza kuihesabu Bangladesh nayo. Nchi ikishika cherehani tu, bawabu yuko mlangoni.

Nikipata shati limeandikwa Maldives huwa naliweka kando. Visiwa vile ni vya samaki na watalii, vina watu wachache kuliko mitaa ya Nairobi, lakini vilikuwa na viwanda vya nguo vya wageni kwa sababu moja tu: mgawo wake ulikuwa haujatumika. Migawo ilipokwisha, viwanda vikaondoka. Na tazama vizuri yale yaliyoandikwa Northern Mariana Islands, au yaliyoandikwa Marekani huku namba yake ikikupeleka Saipan. Saipan ni kisiwa cha Pasifiki chini ya bendera ya Marekani. Nguo iliyoshonwa pale ilihesabiwa kuwa ya nyumbani, haina mgawo wala ushuru, na walioshona wengi waliletwa kutoka Uchina na Ufilipino. Kiwanda cha mwisho kilifungwa 2009.

Hong Kong penyewe kuna mtego. Sweta nyingi zilifumwa vipande vipande Uchina, mgongo, kifua na mikono, kisha zikaunganishwa Hong Kong na kupewa lebo ya huko. Mwaka 1984 forodha ya Marekani ilitoa kanuni kwamba sweta ya namna hiyo ni ya nchi iliyofumwa vipande. Hong Kong ilikasirika sana. Kwa hiyo lebo ya Hong Kong ya kabla ya hapo usiiapie.

Nani alikuwa akiangalia?

Sehemu hii wengi hawaijui, na ndiyo iliyonifanya niandike.

MFA ilikuwa na chombo chake cha uangalizi pale Geneva, ndani ya nyumba ya GATT, mkataba wa biashara uliotangulia Shirika la Biashara Duniani, kikiitwa kwa kifupi TSB. Mwenyekiti mmoja na wajumbe wanane. Wajumbe waliteuliwa na nchi zilizotia saini, zinazonunua na zinazouza. Katika miaka ya themanini kiti cha mwenyekiti kilikaliwa na Marcelo Raffaelli, mwanadiplomasia wa Brazili. Juu yao kulikuwa na Kamati ya Nguo ya nchi zote wanachama.

Karatasi ziliwafikia kwa njia mbili, na ukisoma nyaraka zao lazima uzitofautishe.

Njia ya kwanza ni kifungu cha 3, njia ya ugomvi. Nchi inayonunua inadai soko lake limevurugwa, inaomba mazungumzo. Zikipita siku 60 bila kuelewana, inaweza kuzuia mzigo peke yake, lakini ni lazima ipeleke suala TSB mara moja, nacho kilitakiwa kujibu ndani ya siku 30 inapowezekana. Hapa ndipo chombo kilipofanya kazi ya kweli. Kiambatisho A kiliwapa vipimo: mauzo ya viwanda vya ndani, sehemu yao sokoni, faida, ajira, uzalishaji, matumizi ya mitambo. Kisha waangalie kama kweli bidhaa ile kutoka nchi ile imeongezeka ghafla kwa wingi, na kama bei yake iko chini sana. Na kulikuwa na sharti moja zuri: hasara iliyotokana na teknolojia mpya au wateja kubadili mapendeleo isisingiziwe mgeni.

Njia ya pili ni kifungu cha 4, njia ya makubaliano. Nchi mbili zinaketi, zinapanga dazeni, zinatia saini, kisha zinaiarifu TSB ndani ya siku 30. Migawo mingi ilikwenda njia hii. Na chombo kingefanya nini? Wenyewe wameshakubaliana. Walipitia, wakauliza maswali kuhusu kiwango kilicho chini ya kanuni, wakaandika maoni, wakapeleka kwenye kamati. Mwenye malalamiko alikuwa ameshatia saini.

Wakati mwingine walipendekeza kizuizi kiondolewe au kirekebishwe. Lakini yalikuwa mapendekezo. Kifungu cha 11 kilisema nchi zijitahidi kuyakubali kikamilifu, na isiyoweza ieleze sababu zake. Ni mzee wa mtaa: anasikiliza pande zote, anatoa neno la haki, watu wanamheshimu, askari hana. Mimi siwadharau. Bila wao Marekani na Ulaya zisingelazimika hata kuandika takwimu mezani. Lakini wakikuambia migawo ile ilikuwa "chini ya uangalizi wa kimataifa", uliza ni kwa njia ipi kati ya hizo mbili, maana uangalizi wa njia ya pili ulikuwa mwingi wake ni kupokea nakala.

Kutafuta karatasi yenyewe

Nyaraka za GATT ziko wazi kwenye intaneti, katika tovuti ya Shirika la Biashara Duniani na katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Tafuta alama inayoanza COM.TEX/SB/ ikifuatwa na namba. Hizo ndizo za TSB. Andika alama hiyo pamoja na jina la nchi ya kwenye lebo, na uongeze mwaka uliokadiria.

Kabla ya kutafuta, ipe nguo yako namba. Marekani ilipanga hivi: mia tatu ni pamba, mia nne sufu, mia sita nyuzi za viwandani, mia nane zile nyingine. Fulana ya pamba ya mwanamume ni 338, ya mwanamke 339. Shati la pamba la kitambaa, la mwanamume, 340. Suruali za pamba 347 na 348. Sweta ya pamba 345. Ulaya walikuwa na orodha yao fupi zaidi: 4 fulana, 5 sweta, 6 suruali, 7 blauzi, 8 mashati. Kama lebo ni ya duka la Ulaya tumia hiyo, usichanganye.

Ukiifungua karatasi, usisome yote. Tafuta kwanza kifungu kinachotajwa, 3 au 4. Kisha muda wa makubaliano. Kisha kiwango cha mwanzo na kasi ya kukua. Kiambatisho B kilisema kiwango kikue angalau asilimia 6 kila mwaka. Tuseme mwaka wa kwanza ni dazeni 100,000. Wa pili uwe 106,000, wa tatu 112,360. Ukikuta asilimia 1 au sifuri, simama hapo. Uliza sababu iliyotolewa. Tangu 1977 nchi ziliruhusiwa kukubaliana kwenda kinyume na kanuni kwa kiasi "cha busara", na Jumuiya ya Ulaya ilitumia mlango huo kuwabana wauzaji wakubwa, Hong Kong na Korea Kusini, chini ya walivyokuwa wameshauza.

Mwisho tazama ulegevu, maana mwuzaji aliishi kwa huo. Angeweza kuhamisha kutoka kundi moja kwenda jingine, kwa kawaida asilimia 7: kwa mfano wetu, dazeni 7,000 za ziada za mashati, zikikatwa kwenye suruali. Angeweza pia kubeba salio la mwaka jana au kukopa la mwaka ujao, vyote pamoja asilimia 10, na mkopo usizidi 5. Nilipokuwa karani, mwezi wa kumi na mbili bosi aliuliza neno moja tu, salio, na hakuwa anazungumzia benki.

Lebo ya Taiwan usihangaike nayo. Ilikuwa na migawo mizito kwelikweli, lakini haikuwa mwanachama wa MFA, kwa hiyo ugomvi wake haukufika mezani kwa TSB. Uchina iliingia 1984.

Kwa nguo za 1995 hadi 2004 badilisha alama: tafuta G/TMB/. Hapo GATT imeshazaa Shirika la Biashara Duniani, na chombo kipya kiliitwa TMB, mwenyekiti na wajumbe kumi. Kazi yao ilikuwa kusimamia migawo ikifa kwa awamu: asilimia 16 ya bidhaa zitolewe 1995, 17 mwaka 1998, 18 mwaka 2002, na asilimia 49 zilizobaki zote kwa siku moja, tarehe 1 Januari 2005. Ona ujanja. Nchi tajiri zilichagua wenyewe kitu gani kitangulie, wakatoa vile ambavyo havikuwa na kizuizi cha maana.

Ukitaka kesi moja ya kusoma kwa starehe, soma ya chupi za Costa Rica. Mwaka 1995 Marekani iliwazuia. TMB ikasema hasara kubwa haijathibitishwa, lakini kuhusu tishio la hasara wajumbe hawakupatana. Basi Costa Rica haikukaa kulia. Ilikwenda kwenye chombo cha kutatua migogoro cha shirika, na Februari 1997 baraza la rufaa likawapa haki. Hiyo ndiyo tofauti ya zama mbili: mzee wa mtaa sasa alikuwa na mahakama nyuma yake. Na vizuizi vya "hiari" kwa bidhaa zote vilipigwa marufuku waziwazi na kifungu cha 11 cha Mkataba wa Hatua za Kinga, ulioanza kazi 1995. Uchina peke yake ilibaki na mkia: masharti yake ya kujiunga yaliruhusu nguo zake zizuiwe hadi mwisho wa 2008. Ndiyo maana Agosti 2005 mamilioni ya sweta, suruali na sidiria za Kichina zililala bandarini Ulaya, mpaka Peter Mandelson, kamishna wa biashara wa Ulaya, na Bo Xilai, waziri wa biashara wa Uchina, wakapatana Beijing mwezi uliofuata.

Lebo ya kwetu

Ukipata shati la kale lililoandikwa Kenya, ndani ya beli kutoka Marekani, lishike vizuri. Lilikwenda, likavaliwa, likarudi. Mwaka 1994 Marekani iliiwekea Kenya mgawo kwa vitu viwili: mashati na foronya. Foronya! Mpaka leo nikitaja watu hudhani natania. Kusini mwa Sahara, Mauritius na Kenya ndizo zilizokuwa na migawo ya Marekani, na AGOA, sheria ya Marekani ya kufungulia soko bidhaa za Afrika, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 18 Mei 2000 inazitaja kwa majina: migawo iondolewe ndani ya siku 30 baada ya nchi kuweka utaratibu wa viza wa kuzuia nguo za watu wengine kupitishwa kwa jina lake. Kenya ilikubaliwa Januari 2001.

Viza hiyo ilikuwa muhuri wa duara, wino wa buluu, mbele ya ankara halisi. Nakala haikukubaliwa. Namba yake ilianza na tarakimu moja ya kundi la nguo, kisha KE, kisha tarakimu sita. Wino mweusi, mzigo unarudi. Muhuri umepanda juu ya maandishi ya kiasi, mzigo unarudi. Nilikuwa naishika ile ankara kwa ncha za vidole kama yai la kware. Wakala anayekuambia utaratibu wa kimataifa uko Geneva hajawahi kusubiri wino wa muhuri ukauke Mombasa saa kumi na moja jioni na meli inaondoka.

Kadi ya nguo

Sasa andika kadi utakayoitundika au kuipiga picha. Mistari mitatu inatosha: muda, nyuzi, mlango. Ya sweta yangu ya waridi inasema: "Kabla au karibu na 1986. Rami 55, pamba 45. Hong Kong, nje ya mgawo wa MFA wakati huo." Shati la Maldives: "Miaka ya 1990. Pamba yote. Maldives, kiwanda kilichofuata mgawo." Usiandike "nadra" kama huwezi kusema kwa nini. Usiandike jina la kiwanda kwa kukisia kutoka namba ya RN.

Kama lebo imekatwa, angalia mshono wa ubavuni kwa vipande vya uzi vilivyobaki, na kwenye sweta za rami pima kwa mkono ule ubaridi. Ukikosa vyote, iuze kama sweta nzuri ya waridi, kwa 500.